Tupa Hii Isitupwe

Na mwanachama kutoka Mtangawanda, Kisiwa cha Pate

Kabla sijatoa nililo nalo moyoni naomba nikuchekeshe kidogo. Nilipokuwa mgeni katika shule hii niliandika insha, na ndani yake nikasema kwamba ami yangu alininunulia "tupa ya soda". Insha ilirudi na mviringo mwekundu, na pembeni mwalimu ameandika: "Unatupa nini?" Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nalo kwa aibu. Kwetu Pate, kama ilivyo Lamu, macho ni mato, kichwa ni kitwa, na chupa ni tupa. Tangu siku hiyo nimebaki na tupa tatu kichwani: tupa ya kutilia soda, tupa ya fundi ya kusugulia chuma, na kule kutupa kwenyewe. Makala haya yanazihusu zote tatu. Nasema hivi: tuichukue tupa ya kwanza, tuisugue kwa tupa ya pili, tuitie kwenye pete na vidani, tusiitupe. Na vigae vya magofuni tuviache vilale pale vilipolala.

Najua wengi wenu hamjafika Mtangawanda. Ukitoka Lamu kwa boti unapita Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, ambao maji yakipwa chombo hukwama na abiria wakakaa kungoja kama mahabusi. Kisha unavuka maji mapana hadi gatini kwetu. Gati ndiyo kila kitu. Watu wanaokwenda Pate, Siyu na Faza wengi hushukia hapa, wao na magunia yao ya unga, magodoro, simiti na makreti ya soda. Mizigo hupandishwa pikipiki ikaenda zake. Taka ndizo zinazobaki kwetu. Wakati wa bamvua, maji yakipwa sana, ufuo wa karibu na gati hung'aa kama duka la sonara: kijani, kahawia, nyeupe, na mara moja moja buluu ya chupa ya dawa ya zamani. Watoto hukatwa nyayo hapo. Mimi mwenyewe nina kovu chini ya kisigino cha kushoto, na hadi leo nikilikanyaga jiwe nalikumbuka.

Bibi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, akinikuta na kipande cha chupa mkononi alikuwa akisema, "Tupa hiyo, mwanangu, itupe!" Nami nilikuwa nikiitupa. Lakini akinikuta na kigae cha sini alisema, "Hicho weka, mwanangu. Wageni hukipenda." Hapo ndipo ulipo mzozo wangu na bibi, na ninaomba radhi kumtaja gazetini bila idhini yake.

Kigae cha sini ni kipande cha bakuli au sahani ya kale iliyoletwa na majahazi kutoka mashariki, kingine cha kijani kibichi laini, kingine cheupe chenye maua ya buluu. Mji wa Lamu una wafua fedha wanaokikata kigae namna hiyo, wakakilainisha kingo, wakakitia kwenye pete ya fedha. Ni kazi nzuri sana. Nimeziona pete hizo na sitamdanganya mtu kwamba hazipendezi. Wala siwalaumu mafundi wote kwa jumla, kwa maana wapo wanaotumia sahani zilizovunjika majumbani, na sahani ya mama iliyovunjika jikoni si turathi ya taifa. Ninalolisema ni la vile vigae vingine.

Nilikuwa darasa la saba aliposhuka gatini mgeni mmoja, akaniuliza kwa upole kama ninajua vigae vinapatikana wapi. Kesho yake niliondoka alfajiri kwa miguu hadi kwenye magofu ya Pate. Anayeyajua magofu yale anajua kwamba watu hulima tumbaku humo humo, baina ya kuta zilizoanguka. Nikaparura udongo kando ya ukuta kwa kijiti, nikapata ngumi nzima ya vigae. Mgeni akanipa shilingi mia mbili. Nilinunua daftari, kalamu na halua, nikajiona tajiri wa kisiwa kizima.

Mwaka uliofuata nilifuatana na ami yangu Lamu. Katika duka moja niliiona pete yenye kigae kama vile vyangu. Nikauliza bei. Bei niliyotajiwa ilizishinda zile mia mbili zangu zaidi ya mara kumi, na pete ilikuwa na kigae kimoja tu, ilhali mimi niliuza ngumi! Sitasema uongo: uchungu wangu wa kwanza ulikuwa wa pesa. Uchungu wa pili ulinijia baadaye, hapa hapa shuleni, katika somo la historia, tulipofika kwenye mji wa Shanga.

Shanga ni gofu lililo katika kisiwa chetu, upande wa kusini, si mbali na Siyu. Kuna wanaosema jina lake limetokana na Shanghai ya Uchina. Mimi sibishani nao, ila kwangu mimi shanga ni shanga, ile ya kutungwa uzini. Kuanzia mwaka 1980 mtaalamu wa mambo ya kale aitwaye Mark Horton alichimba huko pamoja na wenzake. Waligundua kwamba watu waliishi mahali pale tangu karne ya 8 hadi mwanzoni mwa karne ya 15. Chini ya msikiti wa Ijumaa walikuta misikiti mingine ya zamani zaidi, mmoja chini ya mwingine, na ile ya chini kabisa haikuwa ya mawe bali ya miti. Kwa hiyo Uislamu ulikuwako kisiwani kwetu mapema kuliko wengi walivyokuwa wakidhani.

Sasa, walijuaje kwamba msikiti huu ni wa karne fulani na ule ni wa karne nyingine? Msikiti wa miti hauna tarehe mlangoni. Kitu kimoja kilichowajulisha ni vigae. Bakuli la aina fulani lilitengenezwa zama fulani, kwa hiyo tabaka la udongo lenye kigae chake lina umri wake. Kigae kikiwa katika tabaka lake ni kama tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Kikiwa katika ngumi yangu, na baadaye katika mfuko wa mgeni, ni kitu kizuri basi, hakisemi neno. Mimi nilizirarua tarehe za barua ambazo hakuna aliyekuwa amezisoma, kwa shilingi mia mbili.

Wahenga wetu walizipamba kaburi za nguzo kwa mabakuli ya sini yaliyojengewa ukutani. Nenda leo kwenye magofu mengi ya pwani hii utaziona tundu za mviringo tu, mabakuli yalishabanduliwa zamani. Ukiiona tundu ile kaburini huwezi kuitazama mara mbili.

Fauka ya hayo kuna sheria. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inavihesabu vitu vya kale vinavyogunduliwa ardhini kuwa mali ya serikali, na inakataza kuvitoa nje ya nchi bila kibali. Lakini sheria iko Nairobi na magofu yako nyuma ya shamba la ami. Mtoto mwenye njaa ya daftari hasomi Sheria ya 2006. Ukimwambia acha, ni lazima umwambie pia afanye nini badala yake. Ndiyo sababu nikarudi kwenye tupa.

Tuanze na kioo chenyewe ni nini. Kioo ni mchanga uliochomwa kwa moto mkali pamoja na magadi, ya namna ile inayochimbwa Ziwa Magadi, na chokaa. Chupa ikivunjika baharini, mawimbi huviviringisha vipande vyake juu ya mchanga na mawe, kingo zikaisha ukali. Wakati huo huo maji huyanyonya magadi yaliyo usoni mwa kioo pole pole, uso ukawa na vishimo vidogo vidogo visivyoonekana kwa jicho. Ndipo kipande kinapopata ule ukungu wake, kama sukari guru iliyolambwa. Kazi hii si ya mwaka mmoja. Ni ya miongo ya miaka. Kwa hiyo kipande kilichoiva kweli kweli huenda ni cha soda aliyokunywa babu yako.

Hapa lazima niseme ukweli unaoiumiza hoja yangu mwenyewe. Mtangawanda si mahali pazuri pa kukiivisha kioo. Sisi tuko upande uliokingwa, penye mikoko na matope, mawimbi yetu ni ya upole. Vipande vya gatini vingi bado ni vibichi, vinakata. Vilivyoiva hupatikana zaidi panapopigwa na bahari kuu, kama ule ufuo mrefu wa Shela au upande wa nje wa Kiwayu. Sisi wa gatini inabidi tumalizie kazi ya bahari kwa mkono.

Nimejaribu njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya ujanja, na ilishindwa. Nilichukua dumu, nikatia vipande vya chupa, mchanga, vijiwe na maji, nikalifunga kwenye mashua ya ami inayotia nanga mbele ya gati ili mawimbi yalitikise usiku na mchana. Baada ya miezi miwili nikalifungua mbele ya marafiki kwa mbwembwe. Kingo zilikuwa zimepungua ukali kidogo tu, na ami akaniuliza ni lini nitamlipa ada ya kuegesha.

Njia ya pili ndiyo ninayoifuata hadi leo. Chagua kipande kinene, kitako cha chupa ni bora kuliko ubavu. Kioshe kwa sabuni. Kisha kisugue kingo zake kwenye kinoo, au kwa msasa wa maji, kikiwa ndani ya beseni lenye maji. Tena narudia, ndani ya maji! Usisugue kioo kikavu hata kidogo. Vumbi lake ni baya kwa mapafu na kwa macho, na si vumbi la kupuliza kwa mdomo kama unavyopuliza unga. Maji ya beseni usiyamwage uani wanapocheza watoto; chimba kishimo uyamwage humo. Tupa ya chuma ya fundi husaidia kwa kuondoa pembe kubwa, lakini kioo huila upesi ikaisha meno. Kipande kimoja hunichukua jioni mbili au tatu.

Baada ya hapo ndipo swali la kukivaa. Kukitoboa ni taabu. Nilivunja vipande saba kabla sijatoboa kimoja. Kekee ya seremala haifai kwa kioo, panahitajika ncha ya almasi, nayo huuzwa kwenye maduka ya vifaa Mombasa, na hata ukiwa nayo sharti utoboe ndani ya maji pole pole. Mimi nimeacha kutoboa. Nakizungushia waya wa shaba ninaoutoa katika nyaya za umeme kuukuu, nikakikaza kwa koleo ndogo, nikaacha kitanzi juu cha kupitishia uzi. Uzi ni mshipi wa kuvulia, haukatiki. Shaba ina aibu yake: ikipata jasho huacha rangi ya kijani shingoni. Dada mmoja jirani yetu alikivaa kidani changu harusini akarudi na shingo kama ya kasuku. Fedha ingekuwa bora, lakini fedha inataka mtaji na inataka mtu anayejua kutia lihamu, na elimu hiyo iko kwa wafua fedha, si kwangu.

Wala sidhani kazi hii ni ngeni kwetu. Katika udongo wa Shanga, kwenye matabaka ya mwanzo kabisa, palikutwa shanga zilizotengenezwa kwa makombe ya baharini, pamoja na vigae vyenye mifuo ambavyo watu walivitumia kuzisugulia. Miaka elfu na zaidi iliyopita kulikuwa na mtu kisiwani humu aliyekaa chini na kitu cha pwani kisicho na bei, akakisugua hadi kikawa pambo. Shanga za kioo zikaja baadaye kwa majahazi, na watu wakazinunua. Siyu nayo, hadi zama za karibu, sifa yake ilikuwa mikono ya watu wake: viatu vya ngozi, kofia, vidani, vitabu vilivyonakiliwa kwa wino. Sisi ni wajukuu wa watu hao, na leo tunamwuzia mgeni udongo mbichi ili akamalizie kazi mahali pengine.

Hilo la kumalizia ndilo linaloniudhi kuliko yote, na nitalisema waziwazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kule Kiwayu, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, akina mama walianza kuokota ndara za mpira zilizoletwa na mawimbi, wakazikata na kutengeneza vinyago vya watoto. Aliyewatia moyo alikuwa Julie Church, mtaalamu wa mambo ya bahari. Wazo lile lilikua hadi likawa kampuni, Ocean Sole, inayojulikana hata ng'ambo kwa twiga na kasa wa rangi rangi. Ni jambo la kujivunia. Lakini karakana yake iko Nairobi. Pwani imebaki kuwa mahali pa kuokota. Nami naelewa sababu: Nairobi kuna umeme wa uhakika, barabara, wanunuzi na uwanja wa ndege. Hata hivyo, kila ninapopita gatini nawaza kwamba bei ya kitu haipandi kinapookotwa, hupanda kinaposuguliwa.

Linganisha na jahazi Flipflopi. Lile lilijengwa Lamu kwenyewe, kwa plastiki iliyookotwa, chini ya fundi Ali Skanda, likazinduliwa mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja likiwa limevikwa ndara za rangi zote. Taka zilikuwa zetu, na ufundi ulikuwa wetu pia.

Rafiki yangu wa bwenini, ambaye husoma kila ninaloandika na kulipinga, aliniambia: "Nani atavaa takataka shingoni?" Nikamwuliza kofia ya vito hutengenezwa kwa nini. Kwa kitambaa na uzi, vitu vya bei ndogo dukani. Lakini dada na mama zetu huishona kwa miezi, tundu kwa tundu, na Idi ikifika hakuna mwanamume anayeithubutia kuiita uzi. Akanyamaza, kisha akasema kofia ina heshima na chupa ina soda. Hapo sikuwa na jibu la haraka. Ninalo sasa: heshima ya kofia haikuja na kitambaa, ilishonwa.

Kuna jambo la uaminifu pia. Kipande nilichokisugua mwenyewe beseni si kioo cha bahari kamili, na mnunuzi ana haki ya kujua. Mimi nina mikebe miwili. Mmoja ni wa vipande vilivyoivishwa na bahari, vichache, nilivyookota Shela tulipokwenda kumtembelea khalati. Wa pili ni wa vipande vya gati, vilivyomaliziwa na mkono. Cha kwanza nauza ghali, cha pili nauza rahisi, na nikiulizwa nasema. Mama mmoja mgeni aliposikia maelezo alikiacha cha Shela akachukua cha gati. Alisema anataka kile chenye kazi ya mtu ndani yake. Nilimpunguzia bei kwa furaha, jambo ambalo bibi amelilaumu hadi leo.

Bila shaka mtu ataniuliza: na kioo cha kale je? Ndiyo, magofuni mna kioo cha kale pia, na hukumu yake ni moja na kigae. Kanuni yangu ni nyepesi. Palipo na kuta, kaburi au udongo mweusi wa kale, mikono naitia mfukoni. Palipo na gati, jaa na makreti ya soda, naokota nitakavyo. Bibi alinisikiliza siku nilipomweleza haya, na habari za misikiti ya miti chini ya ardhi ya Shanga. Akanyamaza muda mrefu akisuka msala wake. Kisha akasema, "Na vile nilivyoweka kwenye kibweta?" Nilimwambia viache hapo hapo, tutavipeleka kwa watu wa makavazi Lamu siku ya safari. Bado hatujavipeleka. Kila safari ina mzigo wake, na kibweta ni kizito, na nadhani bibi anavionea huruma.

Kwa viongozi wa chama chetu nina ombi moja. Siku ya Kiswahili hapa shuleni huwa tunapanga meza za vitu vya kale: mbuzi, vinu, vitanga, na mwaka jana mtu alileta vigae vya sini kwenye sahani akavisifu. Mwaka huu naomba meza ile ya vigae ipewe tupa. Nitaleta beseni, kinoo, waya na mikebe yangu miwili, na yeyote atakayependa akae asugue chake. Msasa ninao wa kutosha watu kumi. Mwenye tupa ya chuma na aje nayo, kwa sababu ya kwangu imeshaisha meno.